Prezida, Ulikutana na Nani?

Papa Riziki,

Nimefunga saluni mapema, nimeegesha kiti mlangoni asiingie mtu, na nimekaa kukuandikia. Usiniulize barua hii itapelekwa na nani. Wewe na maulizo yako! Bibi yangu kule Ujiji alikuwa akiongea na marehemu mumewe huku anachambua mchele, na hakuna aliyemwita mwehu. Basi na mimi niache.

Tangu tukuzike mwezi wa kwanza sijakuambia kitu. Si kwamba sikuwa na la kusema, unanijua, mdomo wangu haulali. Nilikuwa na hasira na wewe. Mtu anatoka zamu ya ulinzi Sandton asubuhi, anapanda teksi, anakaa dirishani, teksi inafika hapa Bertrams na yeye hashuki. Dereva akadhani umesinzia. Presha, walisema hospitali. Nikakukasirikia kama vile ulikuwa na uchaguzi. Hata siku tatu za msiba nilikuwa napika na kufokea masufuria, Mama Riziki ni shahidi.

Lakini sasa kuna jambo, na hapa Joburg nzima hakuna mwingine wa kumsimulia akalielewa. Prezida ananitoa. Mwisho wa mwezi huu nihamishe vioo vyangu, viti vyangu na mashine zangu, kwa sababu nilimuuliza swali mbele za watu. Ndiyo, Prezida huyohuyo, mwenyekiti wetu wa jumuiya, aliyekuwa anakuita "mwalimu wangu" na kunywa chai yangu bure. Jina lake ndilo lililo kwenye mkataba wa chumba hiki, sisi wengine tumejibanza chini yake, na alinionya kabla. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana wewe ndiye uliyenifundisha ugonjwa huu.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Saa nane ulikuwa unaingia na macho mekundu, suruali ya ulinzi bado iko mwilini, unaomba maji, unatusimulia habari za wiki kwa Kiswahili chako cha Uvira. Kisha unasema, "Sasa saa ya maulizo." Mimi Mtanzania nikikwambia ni maswali, unanitazama kama nimekutukana. Na kweli, yeyote mwenye jambo la kujibu kwa wenzake alijibu humu ndani, kati ya ndoo ya nywele bandia na mashine ya kukaushia. Mchungaji alijibu. Mama wa spaza, lile duka dogo la kona, alijibu. Prezida mwenyewe alijibu, tena akicheka, maana wakati ule ulikuwepo na alikuheshimu.

Halafu ikitokea kwenye runinga yangu rais wa Marekani anasimama mbele ya waandishi wa habari, basi saluni ilikuwa si yangu tena. "Binti Ujiji, ongeza sauti!" Wateja walilalamika wanataka filamu zao za Nigeria, wewe huna habari. Nilichukua muda kugundua kwamba humtazami rais. Ulikuwa unawatazama wale walioinua mikono. Dada mmoja akiuliza, rais akabadilika rangi, akamjibu kwa ukali, wewe unapiga goti lako. Wiki ijayo unamtafuta kwenye runinga mpaka umwone. "Amerudi! Mutazame, amerudi na koti lingine!" Ulifurahi kama ndugu yako katoka jela.

Mimi nilikucheka mpaka siku ile uliponieleza kuhusu Uvira. Kwamba ulikuwa na kipaza sauti cha redio ndogo, ukamuuliza mkubwa mmoja swali kuhusu barabara, akajibu vizuri tu, na jioni wakakungoja nje. Ukageuza kichwa ili usikie kwa sikio la kulia, maana la kushoto uliliacha hukohuko. Siku ile sikukucheka tena.

Hukuwa mjinga wa kuabudu Wamarekani, hilo nitakutetea popote. Kuna waliosema rais wa kabla ya huyu aliwapenda waandishi, anatabasamu, anataniana nao. Ukasema, ehe, na huku watu wake wanawasaka wanaowapa waandishi siri. "Wote hawapendi ulizo. Mumoja anakunyima kwa meno meupe, mwingine kwa matusi." Na ile karamu yao ya kila mwaka, rais na waandishi wamevaa vizuri wanachekeshana, uliichukia kuliko matusi. Ulisema mlinzi akizoea kula mezani na mwenye nyumba, siku ya siku hatajua alinde nini. Mimi nikasema una wivu, hujawahi kualikwa. Ukacheka mpaka ukakohoa.

Na lile la kadi! Nakumbuka ulikuja umevimba kama umeibiwa wewe. Ikulu ya Marekani imemnyang'anya mwandishi kadi ya kuingilia kwa sababu hakukubali kuachia kipaza sauti. Ukavua yako ya kazini, ukaitupa pale kwenye machanuo yangu. "Mimi nashika geti kila siku Sandton. Najua mutu wa geti anavyopata kichaa, anazani nyumba ni yake." Baadaye mahakama ikaamuru arudishiwe, ukatununulia soda wote. Lakini kitu kilichokuudhi hasa si kadi. Ulisema, kwa nini wengine hawakuuliza lilelile? Rais amemkatalia mmoja, anamnyooshea kidole wa pili, na wa pili naye anauliza lake, mambo ya biashara sijui na Wachina. "Wa pili angeuliza ulizo la yule wa kwanza. Wa tatu vilevile. Atamufukuza nani, wote?" Uliyasema hayo Jumamosi nyingi mpaka Fundi Zakaria akawa anakuigiza.

Fundi Zakaria. Eish, nikimtaja tu nasikia damu inapanda, ingawa leo nina deni la heshima kwake. Unajua alivyokuwa. Cherehani yake mlango wa pili, sikio lake humu kwangu. Rais huyu wa sasa akianza kuwatukana waandishi, kuwaita waongo na maadui, Fundi anaacha kanzu ya mtu nusu anakuja kupiga makofi. "Wapashe! Wapashe, sha!" Na si yeye peke yake, nusu ya Bertrams yetu ilipiga makofi. Mtu wa nje angeshangaa: wakimbizi wanamshangilia mtu asiyewataka wakimbizi. Lakini tuliishi hapa, tulijua. Gazeti la hapa liliandika kwamba mtaa wetu ni pango la wageni wauza unga, likaweka picha ya mlango, na mlango wenyewe ni wa Fundi Zakaria, mzee wa kanisa asiyejua hata sigara. Wateja wakamkimbia. Mwanawe akaitwa majina shuleni. Sasa akitokea mkubwa wa dunia anawachana waandishi, Fundi angefanyaje? Alihisi amelipiziwa.

Wewe ulimshika mkono mkaenda mpaka ofisi za lile gazeti. Mkakaa mapokezi nusu siku, mkaambiwa mtume barua pepe. Fundi akarudi akikucheka njia nzima. "Hao ndio ndugu zako wa kalamu?" Na wewe, badala ya kukasirika, ukamwambia gazeti likikosea tuliulize, tena tuliulize kwa nguvu, lakini usimshangilie anayetaka pasiwe na anayeuliza, maana kesho atakaa kwenye kiti cha karibu yako. Fundi akasema unajitia profesa. Mimi nikaendelea kusuka. Sikuona hiyo kesho itatoka wapi.

Imetoka kwa Prezida.

Ulipokufa, Jumamosi ya kwanza watu walikuja, wakakaa, hakuna aliyeanza. Ya pili Prezida akasema saluni ni ndogo, jambo la jumuiya halifai kuwa kwenye nywele, tuhamie ukumbi wa kanisa. Sharp, sawa, tukahamia. Kufika kule tunakuta meza imepandishwa juu, ametundika bendera, ameweka kipaza sauti chenye shingo ndefu, na yeye kavaa suti. Watu wanakaa chini, wanainua mikono, yeye anachagua. Kwanza tulidhani utani. Mama Riziki alinibinya paja tusicheke. Kumbe mwenzetu Jumamosi zote zile kwenye runinga yangu alikuwa anasoma! Wewe ulikuwa unatazama wanaouliza, yeye alikuwa anamtazama anayejibu. Akauliza mtu kuhusu jambo dogo tu, la makaburi, Prezida akanyoosha kidole: "Hizo ni habari za uongo. Anayefuata!" Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi. Ikawa mtindo. Hata watoto wakikatazwa kitu wanasema habari za uongo.

Mwezi wa tatu kukawa na fununu kwamba wenyeji watavamia maduka ya wageni. Prezida akatuma ujumbe wa sauti kwenye simu zetu: nimekutana na wahusika, nimehakikishiwa, fungueni maduka. Tukafungua. Saa nne asubuhi walikuja. Mimi niliwahi kuteremsha geti la chuma, nikajilaza chini kwenye nywele, nasikia vioo vinalia nje kimoja baada ya kingine. Eliya, mdogo wake Fundi Zakaria, alikuwa kwenye meza ya kukatia vitambaa, karibu na mlango, ndiye waliyemfikia kwanza. Ule mkono wake wa kulia mpaka leo haufungi kifungo. Fundi wa nguo asiyefunga kifungo, Papa Riziki! Anakaa pale kwenye benchi anatazama wenzake wakishona. Na Prezida alikuja kumwona hospitali na machungwa, akaomba naye, akaondoka. Alisema wahusika walimgeuka.

Mwezi wa tisa uliingia vibaya zaidi. Ukasikia wamevamia mjini kati, ukasikia Jeppe, ukasikia Alexandra. Simu haziishi kulia. Mtu anakutumia picha ya moshi, hujui ni ya leo au ya mwaka gani, ya hapa au ya nchi nyingine. Tulifunga wiki nzima. Nikitoka kununua mkate nilipita robot ya kwanza, zile taa za barabarani, bila kuinua macho, nikiongea kimoyomoyo nisije nikasikika Kiswahili. Riziki wako alikuwa anatangulia mbele, anasalimia kwa Kizulu, mimi nafuata nyuma kama bubu. Mwanao ni shujaa, nakwambia. Na bado hataki kunijibu kwa Kiswahili, anasema Auntie mimi nakusikia, inatosha.

Jumamosi ya wiki hiyo sauti ya Prezida ikaingia tena kwenye simu. Maneno yaleyale. Amekutana na wakubwa wa zile hosteli za wanaume upande wa pili wa reli, wanakotoka wavamizi, amehakikishiwa, Jumatatu kila mtu afungue, asiyefungua anaiaibisha jumuiya. Na kesho yake, Jumapili mchana, atatoa maelezo ukumbini.

Nilisikiliza mara moja, nikazima. Neno moja tu lilikuwa linazunguka: nani? Wakubwa gani? Wana majina? Maana kama amekutana nao kweli, basi ni habari njema kuliko zote na mimi nitakuwa wa kwanza kufungua. Na kama hakukutana nao, Jumatatu tunawapanga watu milangoni kama mara ile.

Sijui nani alimpelekea uvumi kwamba nitauliza. Jumamosi hiyohiyo jioni alikuja, akasimama hapo mlangoni, hakuingia. Akasema kwa upole sana, "Dada, ukumbini kesho njoo usikilize. Maulizo tumeyazika na mzee." Akatazama vioo vyangu, kimoja kimoja. "Chumba hiki kina watu wengi wanaokitaka." Nikamwambia karibu chai, Prezida. Akasema siku nyingine. Alipoondoka nilisuka na kufumua mstari uleule mpaka mteja niliyekuwa namsuka kwa kujificha akaniambia niache tu, atarudi wiki ijayo amaliziwe upande wa pili.

Nitakuwa mkweli. Nilitaka kunyamaza. Nina watoto wawili Kigoma, wanasoma kwa nywele hizi. Nikajisemea, Mwajuma, wewe mwandishi wa habari tangu lini? Msusi! Lakini nikamfikiria Eliya na kile kifungo, nikaamua kwenda.

Jumapili ukumbi ulifurika. Joto, watoto wanalia, wanaume wamesimama ukutani. Prezida akaeleza, akaeleza, akataja amani, akataja Mungu, akataja ndugu zetu Waafrika. Hakutaja mtu. Kisha akasema kuna nafasi ya wachache. Nikainua mkono. Akaniruka. Nikauacha juu. Akamchukua wa mbele, wa kulia, mkono wangu uko juu mpaka bega linawaka moto, na watu wakaanza kunigeukia. Mwisho akaona aibu. "Haya, saluni."

Ulinifundisha: uliza moja, fupi, kisha funga mdomo, usimsaidie. Nikasimama. "Prezida, ulikutana na nani?" Nikafunga mdomo.

Prezida akavuta glasi. Akanywa maji. Akapanga karatasi. Halafu akatabasamu, akanyoosha kile kidole. "Mnamwona? Huyu ndiye redio ya nywele. Habari za uongo! Huyu anataka tufe njaa. Kaa chini, mama. Kaa chini!" Wakacheka. Wakapiga makofi, Papa Riziki. Watu niliowasuka, niliowapikia misiba yao, wananipigia makofi ya kunikalisha. Mwingine nyuma akapiga mluzi. Mkuki kwa nguruwe ndio ule, mtamu mpaka ukuguse mwenyewe. Nikakaa. Machozi yalikuwa yameshafika, nikawa nakaza macho tu yasidondoke mbele yake.

Prezida akatafuta mkono rafiki. Akauona. "Haya, tupate mtu mwenye akili. Fundi Zakaria, sema."

Fundi akainuka polepole, sentimita za kupimia ziko shingoni bado, sijui hata Jumapili huwa hazivui. Nikasema moyoni, haya, nimalizie na wewe. Akakohoa. Akasema, "Prezida, ulikutana na nani?"

Hakuna aliyecheka. Prezida akamwambia fundi, hilo limeshajibiwa. Fundi akabaki kasimama. Prezida akasema anayefuata, akamnyooshea Mama Riziki, labda akidhani mjane atakuwa mpole. Mama Riziki akasimama na kile kitenge chake cha msiba. "Prezida, minauliza vilevile. Ulikutana na nani?" Halafu mwanaume mmoja ukutani, simjui hata jina. Halafu Eliya, hakuinua mkono, alisema tu kutoka kwenye benchi. Hawakupanga. Nakuapia hawakupanga, maana mimi ningejua, hakuna siri inayopita mbali na saluni. Ni wewe, Jumamosi zote zile ukirudia mpaka tukakuchoka.

Prezida jasho likamtoka mpaka kola ikabadilika rangi. Mwishowe akasema alipigiwa simu. Na nani? Na mtu anayewajua. Jina? Mtu tu, wa kuaminika. Kwa hiyo hukukutana na mtu. Akasema haya ndiyo mambo ya watu wasio na shukrani, akajibeba na suti yake yote akapita mlango wa mchungaji.

Sasa ungedhani nimeshinda, sivyo? Subiri.

Jumatatu hakuna aliyefungua. Nilikaa kwa Mama Riziki, ghorofa ya pili, dirishani, roho juu. Saa tatu. Saa nne, saa yao ya mara ile. Barabara tupu, mbwa mmoja, gari la takataka. Na nitakwambia jambo ambalo sitamwambia mwingine, na unisikie vizuri kwa sikio zima: nilijikuta nataka waje. Wavunje tu milango mitupu, ili watu waone nilikuwa na haki. Nilipogundua ninachokiomba nikajiziba mdomo kwa kiganja. Riziki akaja akasimama nyuma yangu, akaniambia kwa Kiingereza chake hakuna anayekuja, Auntie, toka hapo ule. Na kweli, mpaka jua linazama hakuja mtu. Barabara za wengine zilikuwa wazi, wameuza. Sisi tumelala njaa.

Jumanne wakaanza. Huyu anasema mboga zake zimeoza. Yule anasema mteja wake wa harusi amekwenda kushonesha kwingine. Msusi katutia hofu bure. Prezida hakuhitaji kusema kitu, alitembea tu barabarani akisalimia watu kwa mikono miwili. Jioni akanitumia mtu kuniambia kuhusu chumba.

Jumamosi walinijia. Saa nane, kama zamani, ila safari hii nilikuwa naulizwa mimi. Saluni ikajaa hadi nje. Sikutaka kuwakimbia, nisingeweza kukutazama usoni siku tukikutana. Nikazima mashine, nikaweka chanuo mezani, nikasimama katikati. Mama wa mboga akauliza, "Wewe ulijua nini?" Akafunga mdomo. Aliuliza vizuri, kuliko mimi.

Nikasema, "Sikujua. Ndiyo maana niliuliza."

Akaniangalia sana. Akasonya, akageuka kutoka. Mlangoni akasimama, akasema wiki ijayo nimsuke, lakini kwa bei ya zamani. Wengine bado hawanisalimii, na siwalaumu. Fundi Zakaria naye kanikasirikia kwa ile siku aliyopoteza, anasema nisidhani alinitetea mimi, aliuliza kwa ajili ya mdogo wake, na rais wake wa Marekani bado anampenda na waandishi bado ni waongo. Lakini jana nimekuta amesogeza cherehani zake ukutani na amefagia pembe moja, inayotosha kiti na kioo. Sikuuliza ni ya nini.

Basi, Papa Riziki. Barabara zimeanza kuwa zambarau kwa maua, ungekuwa unapiga chafya sasa hivi. Pumzika, sikasiriki tena. Mama Riziki namwangalia, na mwanao namsumbua kwa Kiswahili kila siku ya Mungu.

Nakuahidi hili. Atakuja mwingine na kipaza sauti kuniambia kwamba amehakikishiwa. Nitainua mkono. Nikikalishwa, mwingine akiniulizia nitashukuru, asiponiulizia nitasimama tena mwenyewe. Na siku kama ile Jumatatu ikijirudia, watu wakabaki ndani bure na wakanitukana wiki nzima, waache wanitukane. Nawasikia dirishani hata sasa nikiandika, wanapita wananisema, sauti zao zote nazijua, na hakuna hata moja inayokosekana, wote wazima.

Mwajuma